Bado Vifungo Tu

Mume wangu ni fundi cherehani, na mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Bado Vifungo. Ukimpelekea kitambaa, ukarudi siku mliyopatana, atakutazama kwa upole kama mtu anayekupa pole ya msiba, halafu atakwambia nguo yako imekwisha, bado vifungo tu, njoo Ijumaa. Ukimkumbusha kwamba ulichompa kushona ni suruali ya mpira kiunoni, isiyo na kifungo hata kimoja, atakwambia njoo Ijumaa vilevile. Wateja wa zamani wamejifunza kuuliza, "Ijumaa ipi?" Hapo ndipo hujifanya uzi umekatika.

Mimi mkewe sina upendeleo wowote. Ana gauni langu la kijani tangu kitinda mimba wetu alipoanza darasa la kwanza. Huyo kitinda mimba sasa ananyoa ndevu.

Basi Jumapili moja asubuhi mtu huyu aliamka akasema tumbo linamkata pale kitovuni. Akalaumu maharage yangu. Nikamwambia maharage tumekula watu wanne, na watatu tunasubiri chai. Jumatatu maumivu yalihama kitovuni, yakashuka chini upande wa kulia, yakapiga kambi. Hakuweza kula, na akikohoa alijishika kiunoni kama anazuia suruali isianguke. Nikasema twende hospitali. Akasema sawa, twende Ijumaa.

Jumatano mchana, akiwa amejikunja juu ya cherehani, maumivu yalikatika ghafla. Akanyooka. Akaniita kutoka jikoni, akafunua shati, akanionyesha tumbo kama mtoto anayeonyesha daftari lililosahihishwa. Akasema nijionee mwenyewe, limepona bila kidonge, na lau angenisikiliza angekuwa amekatwa bure. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi, nikampikia uji. Baadaye daktari alikuja kunieleza kwamba ule mchana wa nafuu ndipo kile kitu kilipopasuka ndani.

Alhamisi ilikuja homa. Shuka lililowa jasho, macho yakaingia ndani, na chini kulia pakajitokeza kitu kigumu alichokataa nikiguse. Ijumaa nayo ikafika, maana Ijumaa za watu wengine hufika, na mume wangu akasema ana nguo za watu, twende Jumatatu.

Hapo nilimdanganya. Nilimwambia hospitali kubwa wanatafuta fundi wa kupima mapazia ya wodi zote, na fundi wa barabara ya pili keshatoka nyumbani kwake. Alinyanyuka. Alivaa futi yake ya kitambaa shingoni, akatembea hadi kwenye teksi ameinama kama anayetafuta sindano iliyodondoka, na tulipofika mapokezi aliuliza, kwa sauti ya mtu anayezimia, madirisha yenyewe yako wapi. Karani alimtazama mara moja tu, akaenda kuleta kiti cha magurudumu.

"Umenidanganya," akaniambia alipokuwa anakalishwa.

Nikamwambia ndiyo, nimejifunza kwake, tofauti ni kwamba mimi nimedanganya ili jambo liwahi.

Muuguzi aliyempokea alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Alisoma kadi bila kushtuka. Alipouona uso ndipo aliposhtuka, kwa sababu sare zake mbili zilikuwa kwetu tangu kabla ya mvua za mwaka ule kuanza. Alivaa glovu, akachukua sindano ya kuwekea dripu.

"Sare zangu, fundi?"

"Bado vifungo tu, sista."

Yule mama akaupapasa mkono wa mume wangu kutafuta mshipa, taratibu, hana haraka na mtu. "Basi na mimi bado kidogo tu," akasema, akachoma. Haki ni kwamba aliupata mshipa mara ya kwanza. Mume wangu mpaka leo anasimulia kwamba alichomwa mara saba.

Mama mkwe wangu nilikuwa nimempigia simu njiani, nikamwambia mwanawe anapelekwa hospitali na nadhani ni kidole tumbo. Simu ilikuwa inakwaruza, na yeye ana masikio ya kuchagua. Alisikia kidole, tumbo likampita. Mpaka anafika alikuwa keshautangazia ukoo mzima kwamba mwanawe kajichoma kidole na sindano ya cherehani. Shemeji yangu alijibu kwamba kidole si ugonjwa, atakuja mwisho wa mwezi. Mama aliingia wodini na bendeji mkononi, akamkagua mwanawe vidole kimoja kimoja, vya mikono na vya miguu.

"Vyote vipo," akasema, akaanza kunitazama mimi kwa shaka.

Nilimweleza kwamba kuna kidole kingine ndani ya tumbo, kidogo, kimening'inia kwenye utumbo, na kila mtu anacho. Akasema yeye hana.

Daktari mpasuaji alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo na kucha zilizokatwa mpaka mwisho. Alimuuliza mume wangu maumivu yalianza lini. Mume wangu akasema juzi. Mimi nikasema Jumapili. Daktari akaandika Jumapili bila hata kumwangalia. Alimbonyeza tumbo kwa vidole viwili, akapima damu, akampeleka kwenye ile mashine ya duara ambayo mtu anaingizwa kama mkate kwenye tanuri, na baada ya saa moja alirudi na karatasi, akavuta kiti, akakaa. Daktari anayekaa hunitia hofu kuliko anayesimama.

Alichora utumbo nyuma ya fomu. Kidole tumbo kimepasuka, akasema, tangu Jumatano. Bahati yake ni kwamba mwili umejitetea: nyama za jirani zimekizingira, zikazuia uchafu usisambae tumboni kote, na sasa pana jipu ukubwa wa chungwa. Angekuja Jumapili au Jumatatu ilikuwa kazi ndogo, matundu matatu, kesho yake nyumbani. Kwa sasa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kumpasua leo hii. Lakini pale ndani kila kitu kimevimba na kimegandana, na mtu akianza kutafuta kidole tumbo kwenye rojo lile anaweza kulazimika kukata na kipande cha utumbo, na vidonda vya namna hiyo hutunga usaha. Ya pili ni kupitisha mrija mwembamba kwenye ngozi, kwa kuongozwa na picha, kuutoa ule usaha, kumwekea dawa kali kwenye mshipa, na kusubiri. Homa isiposhuka kwa siku mbili tatu, au tumbo lote likikakamaa, hakuna mjadala, anapasuliwa saa hiyohiyo. Akipoa, kidole tumbo chenyewe kitatolewa baada ya wiki sita au nane, uvimbe ukiwa umenywea. Yeye alikuwa anashauri njia ya pili.

Nilisikia neno moja tu, kusubiri. Damu ikanipanda kichwani. Nikamuuliza kama nimeelewa vizuri: mtu huyu amejiletea maradhi kwa kusubiri, amenikalisha siku sita kwa kusubiri, na sasa dawa waliyoisomea miaka yote hiyo ni kusubiri?

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," mama mkwe akaunga mkono. Ilikuwa mara ya kwanza mimi na yeye kuwa upande mmoja tangu arusi yangu, na alionyesha kwa kidole, lile tumbo lenyewe lilikuwa pale kitandani limeumia. Daktari alijaribu kusema subira yavuta heri. Mama akamwambia heri ipi, binti yangu, kata.

Daktari hakukasirika. Alisema ataheshimu tutakachoamua, ila mwenye tumbo ni fundi, na fundi bado ana akili zake.

Tukamgeukia. Midomo ilikuwa imekauka na futi bado iko shingoni, hakuna aliyekumbuka kumvua. Nilijua atakachosema. Atasema tumpe muda afikirie.

"Mama," akasema, akimtazama mama yake, "kitambaa kikilowa kikaanza kuoza, hakishonwi. Unapitisha sindano, uzi unakipasua. Ukiuvuta ukaze, tundu linakuwa kubwa kuliko ulilokuwa unaziba." Akapumzika. "Unakikamua maji. Unakianika. Kikirudi kuwa kitambaa ndiyo unashona. Huyu daktari anajua ufundi wake."

Daktari akasema hajawahi kulieleza vizuri hivyo hata kwa wanafunzi wake. Mume wangu akatikisa kichwa kwa unyenyekevu wa kujifanya. Na mimi niliyekaa na visingizio vyake miaka ishirini na miwili nikajua kwamba hiki hakikuwa kisingizio. Tukatia sahihi.

Mrija uliwekwa mchana uleule. Ulitokea ubavuni, ukaishia kwenye kimfuko chenye mistari ya vipimo, na kilichoingia humo sitakieleza, ila mama mkwe alikieleza kwa kila mgeni wa wodi ile pamoja na wasiouliza. Alijiteua msimamizi wa mfuko. Kila muuguzi akija kusoma kipimo, anakuta mama keshasoma.

Sasa niseme nililokuwa nalo moyoni, kwa sababu mpaka hapa nimecheka sana. Niliogopa. Jumamosi homa haikushuka. Nilikaa kwenye benchi la korido nikihesabu vigae vya sakafuni, na kila mlango ulipofunguliwa nilidhani ni mimi naitwa. Nilikumbuka ule uji wa Jumatano. Nilijiuliza ni mwanamke gani anayemwona mumewe anakauka siku sita akaridhika na jibu la Ijumaa, na jibu likawa ni mwanamke aliyezoea. Nilikuwa nimeyazoea makosa yake mpaka nikayaona ni utani.

Jumapili asubuhi daktari alimkuta macho yamefunguka, homa imeteremka, tumbo limelegea. Akamuuliza kwa heshima kama ametoa hewa. Mume wangu akauliza hewa gani. Daktari akasema hewa ya chini. Mume wangu, ambaye hajawahi kuwahi popote, alijibu swali hilo palepale kwa vitendo. Mama mkwe aliinua mikono juu akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akawatangazia wagonjwa wa vitanda vyote kumi na viwili kwamba mwanawe amejamba. Wawili walipiga makofi.

Mrija ulitolewa baada ya siku saba. Kila alipouliza unatoka lini, yule muuguzi wa sare alimjibu bado kidogo tu.

Tulipokuwa tunaondoka daktari alituita pembeni. Alisema kwa kijana pengine angeacha hivyohivyo, maana wengine hawasumbuliwi tena. Lakini fundi ana miaka hamsini na moja, na kwa aliyevuka arobaini, kidole tumbo kikipasuka namna ile, mara chache hutokea uvimbe mbaya umejificha nyuma yake. Kutakuwa na kipimo cha kamera, kupitia njia ambayo mume wangu aliomba isitajwe mbele ya mama yake, lakini kamera nayo haifiki ndani ya kidole chenyewe. Njia ya uhakika ni kukitoa na kukipima. Arudi baada ya wiki sita.

Nilijiandaa kwa vita. Nilijua siku ikifika atasema amepona, atasema ana nguo za watu, atasema Ijumaa. Nilikuwa nimeshapanga uongo mwingine wa mapazia.

Badala yake alianza kushona. Aliketi kwenye cherehani asubuhi mpaka jioni, na zile nguo zilizojazana kwenye rafu miaka na miaka zikaanza kushuka moja moja. Alimaliza suti ya mwalimu mkuu, ambaye alikuwa keshastaafu. Alimaliza kaptura ya shule ya mtoto ambaye sasa ni dereva wa lori. Alimaliza sare za muuguzi, vifungo vyote, na akazipeleka mwenyewe, zimepigwa pasi. Watu walitoka dukani wameshika nguo zao mikononi kwa wasiwasi. Jirani mmoja aliyeambiwa njoo Alhamisi, akaja Alhamisi, akakuta suruali iko tayari, alinifuata mpaka jikoni kuniuliza kwa kunong'ona mzee anaumwa nini hasa.

Nikatambua na mimi. Mtu wa kuchelewa akianza kuwahi, kuna safari anajiandaa. Kipimo cha kamera kilitoka kizuri, nikadhani atatulia, lakini aliongeza mwendo. Rafu ikabaki tupu. Usiku nilimsikia yuko macho, na mimi niko macho, kila mmoja akijifanya amelala ili mwenzake asiwe na hofu.

Jumanne ya upasuaji tulifika mapema kuliko wafagiaji. Alivalishwa lile gauni la hospitali linalofungwa nyuma, akalikagua mshono, akalisikitikia. Kisha akatoa kwenye mfuko aliokuja nao kitu cha kijani, akakitandaza mapajani. Lilikuwa gauni langu. Nilikuwa nimeshasahau ile kola.

Nilimwambia hata likiisha halitanitosha, alinipima nikiwa kijiti.

"Litakutosha," akasema. "Kila mwaka nafumua ubavuni naongeza. Nakupima kwa macho. Wewe ndiye uliyekuwa unanichelewesha, huachi kuongezeka."

Alitunga uzi akaanza kushona vifungo. Vilikuwa vinane, vidogo, vya rangi ya maziwa. Kwa hiyo kumbe ilikuwa kweli. Katika maisha yake yote ya kazi kulikuwa na nguo moja tu iliyokuwa imebakiza vifungo, na ilikuwa yangu, na mimi peke yangu ndiye niliyemcheka usoni kila aliposema. Sikuweza kumtukana, nikabaki nikimtazama vidole.

Alifika cha saba. Mlangoni walikuwa wameleta kitanda cha magurudumu, na nyuma yake yule muuguzi, ndani ya sare mpya.

Nikanyoosha mkono, nikakichukua kifungo cha nane.

"Mke wangu, kimebaki kimoja tu."

"Najua. Utakishona ukitoka."

"Nimemaliza vya watu wote. Niache nimalize na hiki."

"Ndiyo maana," nikasema. "Humalizi."

Alinitazama, akaielewa sababu, na macho yakamjaa maji. Mama mkwe, ambaye masikio yake siku hiyo yalikuwa mazima, alimkaripia mwanawe kwamba asibishane na mkewe, apande kitandani. Wakampeleka.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Nilikifumba kifungo kiganjani, nikihesabu vile vigae tena. Daktari alipotoka alikuwa amevua kofia, na alisimama, hakukaa, na mimi nikamshukuru kwa kusimama kabla hajasema neno. Upasuaji umekwenda salama, matundu matatu, kidole tumbo kimetoka kizima na makovu yake. Kwa macho hakuona kitu cha kutisha, lakini macho si maabara. Kuhusu majibu, akasema, njooni Ijumaa.

Tulipomwambia mgonjwa, dawa ya usingizi ikiwa bado imemlegeza ulimi, alifungua jicho moja akamuuliza daktari swali aliloulizwa yeye maisha yake yote.

"Ijumaa ipi?"

"Hii hii," daktari akasema.

Siku tatu zile alikiomba kifungo asubuhi na jioni. Nami nilimjibu njoo Ijumaa, na nilimjibu hivyo kwa kicheko ili asisikie sauti yangu inavyotetemeka.

Ijumaa ikafika. Tuliingia watatu kwenye chumba cha daktari. Alikuwa ameishika karatasi tayari, na hakutuzungusha. Hakuna uvimbe. Ni kidole tumbo kilichopasuka, basi, hakuna kingine chochote nyuma yake. Mama mkwe aliomba arudie upande wa sikio la kulia. Daktari akarudia.

Kwenye korido nilifumbua kiganja, nikampa kifungo chake. Sindano alikuwa nayo, imechomekwa kwenye ukosi wa shati kama siku zote, na uzi wa kijani ukining'inia. Alikigeuzageuza kifungo, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akakitia mfuko wa shati.

"Kesho," akasema.

Mama mkwe akafyonza. Mimi nililia pale pale mbele ya watu, nikamshika mkono tukatoka, na sijawahi kuambiwa kesho nikafurahi namna ile. Huu ni mwezi wa nane tangu siku ile. Gauni nalivaa, lina vifungo saba na pini.